Paskali Moja: Kuiga Kikaushio cha Dagaa kwenye Kompyuta Kabla ya Kununua Bati

Dohani ya mita 1.5 iliyosimama juu ya kabati la kukaushia dagaa huvuta hewa kwa nguvu isiyofika paskali moja, yaani kipimo kimoja cha presha. Kikaushio chenyewe ni cha jua: hewa inaingia mdomoni, inapita chini ya nailoni juu ya bati jeusi linaloipasha, inapanda kabatini kwenye trei za dagaa, na kutokea kwa dohani. Paskali moja ni ndogo kiasi gani? Chukua mpira wa maji, ukunje kama herufi U, utie maji. Tofauti ya paskali moja itafanya maji ya upande mmoja yawe juu kuliko ya mwenzake kwa sehemu ya kumi ya milimita. Jicho halioni. Upepo wa kawaida wa mchana kutoka ziwani, ule wa mita 3 kwa sekunde unaotikisa tu majani ya mwembe, unasukuma kwa karibu paskali 4.6. Yaani upepo ambao hakuna mtu hapa Kirumba, Mwanza, atakayeuita upepo una nguvu kama mara tano ya dohani yako.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nitilie shaka picha nyingi za uigaji wa vikaushio kwa kompyuta (simulesheni) zinazozunguka mtandaoni. Sanduku limechorwa vizuri, nyekundu juu, bluu chini, mishale imepinda kwa madaha. Lakini sanduku lenyewe linaelea patupu: hakuna upepo nje, hakuna jabali jirani, na ndani ya trei hakuna hata dagaa mmoja. Kwa kifaa kinachoendeshwa na chini ya paskali moja, vitu vilivyoachwa ni vikubwa kuliko vilivyowekwa.

Dagaa wa Ziwa Victoria, wale ambao Wakenya wanawaita omena na Waganda mukene, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mitumbwi huingia mwaloni alfajiri na asubuhi. Mzigo wote unafika kwa mkupuo, mbichi, na una maji kama asilimia 75 ya uzito wake. Jua likiwa zuri, mchanga, vichanja au mgongo wa jabali vinamaliza kazi kwa siku moja. Tatizo ni masika na vuli, na tatizo kubwa zaidi ni ile mvua ya ziwani inayopenda kupiga usiku wa manane hadi alfajiri na kuacha kila kitu kimelowa saa mbili asubuhi. Kikaushio kinatafutwa kwa ajili ya siku hizo. Kwa hiyo hata kompyuta inapaswa kuulizwa kuhusu siku hizo, si kuhusu mchana mweupe wa Julai.

Karatasi na kalamu kwanza

Usiwashe kompyuta kabla hujajua jibu kwa makadirio. Tuseme unataka kukausha kilo 20 za dagaa wabichi. Robo yake, kilo 5, ni dagaa wenyewe. Iliyobaki ni maji. Ukitaka wabaki na unyevu wa asilimia 12, utatoka na kilo 5.7 hivi, na utakuwa umefukuza kilo 14.3 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula takribani megajuli 2.4, kwa hiyo kazi nzima ni megajuli 34. Jua la Mwanza ukilichukulia kilowati-saa 5.5 kwa mita ya mraba kwa siku, hizo ni karibu megajuli 20, na kikaushio kilichotengenezwa kwa uangalifu kinafaidi kama asilimia 28 ya hizo. Gawanya: unahitaji mita za mraba 6 na kidogo za kukusanyia jua. Bati jeusi la mita 1.2 kwa 5 linakaribia.

Sasa hewa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevuanga wa asilimia 60, ukiipasha hadi nyuzi 48 bila kuiongezea maji, unyevuanga wake unashuka hadi asilimia 20. Hapo ina kiu. Ikipita kwenye dagaa itabeba kama gramu 5 za maji kwa kila kilo ya hewa na kutoka ikiwa nyuzi 36. Kilo 14.3 za maji kwa gramu 5 kila safari ni karibu kilo 2,900 za hewa. Kwa saa nane za jua, hiyo ni kilo 0.1 kwa sekunde, au mita za ujazo 0.1 hivi kwa sekunde.

Ipitishe hewa hiyo kwenye njia ya upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 8 chini ya nailoni: inakwenda kama mita 1 kwa sekunde. Msuguano wa mita tano za bati unakula nusu paskali, mlango na kona za kuingilia kabatini zinakula robo tatu ya paskali. Jumla imeshapita paskali 1.2, na bado hujaweka trei wala chandarua cha kuzuia nzi. Dohani nayo, kabati likiwa tupu na hewa ikiifikia na nyuzi 48, inatoa paskali 0.94. Likiwa na dagaa wabichi, hewa inafika kwenye dohani ikiwa nyuzi 36, si 48, na mvuto unashuka hadi karibu paskali 0.4.

Karatasi imeshasema jambo ambalo kompyuta ingechukua usiku mzima kulisema: kikaushio hiki, kwa vipimo hivi, hakitapata hewa inayohitajika kwa dohani peke yake. Ama upanue njia hadi sentimita 15, ama upunguze mzigo, ama uweke feni. Na tazama ubaya wa mpangilio: mvuto wa dohani ni mdogo kabisa asubuhi, dagaa wakiwa na maji mengi, na ni mkubwa kabisa jioni, wakiwa wamekwisha kukauka. Dohani inafanya kazi kinyume na haja. Ndiyo maana wengine hupaka dohani rangi nyeusi na kuifunika nailoni ili jua liipashe tena hewa ikiwa njiani kutoka. Inasaidia, ila si muujiza.

Uigaji unakuja baada ya hapo. Karatasi inakupa wastani tu. Haikuambii trei ipi itabaki na dagaa wanaonuka wakati nyingine imeshakauka kuwa kama karatasi.

Mambo ambayo programu haiyajui kuhusu Mwanza

Programu huria ya kuiga mtiririko wa hewa, OpenFOAM, iliyoachiwa kwa umma mwaka 2004, inatosha kabisa kwa kazi hii, na picha zake unazitazama kwa ParaView, nayo ya bure. Lakini mifano mingi inayokuja nayo imeandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Presha ya hewa imewekwa paskali 101,325. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na presha halisi hapa ni karibu paskali 88,500. Ukiiacha ile ya kwenye mfano, hewa yako inakuwa nzito kupita kiasi kwa asilimia 14 hadi 15, na karibu kila kitu kinachofuata kinapotoka kwa kiasi hichohicho: joto linalobebwa, mvuto wa dohani, nguvu ya feni. Ni namba moja kwenye faili moja, na watu wanaisahau.

Ya pili ni saa. Saa yetu ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45, na Mwanza iko karibu 32.9. Jua linafika utosini kwa wastani saa 6 na dakika 48 mchana, si saa 6 kamili. Mwanzoni mwa Novemba ni kama saa 6 na dakika 32. Februari ni saa 7 na dakika 2. Ukiingiza saa za ukutani bila kusahihisha, asubuhi ya kompyuta itakuwa na jua ambalo halipo mwaloni. Latitudo iwe -2.5, kwa alama ya kutoa. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita juu kabisa ya kichwa. Juni linakaa kaskazini kwa nyuzi 26, Desemba kusini kwa nyuzi 21. Kwa sababu hiyo mjadala wa kikaushio kielekee kaskazini au kusini hauna uzito hapa kama ulivyo nchi za mbali na ikweta. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na kazi yake kubwa ni kumwaga maji ya mvua na kuisaidia hewa ya moto kupanda.

Kwenye mwinamo huo kuna kosa linalochekesha. Mtu anachora bati likiwa limelala kwa sababu ni rahisi kuchora, kisha anasahau kugeuza mwelekeo wa mvutano wa dunia. Hewa ya moto inakaa imelala kama imechoka, na mchoraji anashangaa dohani haivuti.

Ya tatu ni anga. Wengi huweka wati 800 kwa mita ya mraba moja kwa moja kwenye bati na kuondoka. Nailoni inapitisha kama asilimia 85, bati jeusi linanyonya asilimia 93 ya hizo, kwa hiyo kinachoingia ni kama wati 630. Kisha kuna kinachotoroka. Upepo unafuta joto juu ya nailoni: kanuni ya zamani inayotumika sana ni 5.7 jumlisha 3.8 mara kasi ya upepo, kwa hiyo upepo wa mita 3 kwa sekunde unaondoa wati 17 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Na juu yake kuna anga lenyewe, ambalo kwa mionzi ya joto ni baridi kuliko unavyofikiri. Kwa kanuni ya Swinbank ya mwaka 1963, hewa ikiwa nyuzi 28 na mbingu ni nyeupe, anga linahesabika kama nyuzi 15. Kioo kingezuia mionzi hiyo ya joto isitoke. Nailoni ya kawaida inaiachia sehemu kubwa. Usipoyaweka haya, bati lako kwenye skrini litafika joto ambalo halitaonekana kamwe pale Igombe.

Wavu wa seli

Mvuvi anajua kwamba ukubwa wa jicho la wavu ndio unaoamua nini kinabaki na nini kinapita. Wavu wa seli kwenye kompyuta, yaani vijisanduku ambamo programu inaihesabu hewa kimoja kimoja, nao ni hivyo: mzunguko wa hewa ulio mdogo kuliko seli unapita bila kuonekana. Kwenye njia ya sentimita 8 juu ya bati, weka angalau seli 12 hadi 15 kwa kimo, na zile zinazogusa bati ziwe za milimita 1, kwa sababu hapo ndipo joto linapokabidhiwa kwa hewa. Kabatini, kati ya trei na trei, seli za sentimita 1 zinatosha, isipokuwa pembeni mwa trei, ambapo nitarudi. Ukikata kikaushio katikati kwa urefu na kuiga nusu tu, unaokoa nusu ya kazi, ila hilo linakubalika tu kama upepo unatoka mbele kabisa.

Kompyuta mpakato ya GB 8 inabeba seli milioni 2 bila kulalamika sana. Kadiria GB 1 hadi 2 kwa kila milioni. Endesha kwanza seli 300,000, halafu 700,000, halafu milioni 1.5. Kiasi cha hewa kinachotoka kwenye dohani kikibadilika chini ya asilimia 3 kati ya mbili za mwisho, simama hapo. Kuongeza seli zaidi ni kuunguza umeme.

Msukosuko wa hewa unahitaji uamuzi. Kwa feni, mita 1 kwa sekunde kwenye njia yetu inatoa namba ya Reynolds, ile inayoonyesha kama hewa imetulia au imevurugika, ya 7,700: mtiririko uliovurugika. Kwa dohani peke yake, hewa inakwenda robo ya kasi hiyo na namba inashuka chini ya 2,000, ambako hewa inatembea kwa matabaka yaliyotulia. Kifaa kilekile, asubuhi ni tulivu, mchana kimevurugika. Njia ya kukadiria msukosuko inayopendwa na wengi, k-epsilon, inachanganya hewa kupita kiasi kwenye hali hii na kukuonyesha kabati lenye joto sawa kila kona, jambo linalofurahisha lakini si kweli. Ile ya SST, ya Menter ya mwaka 1994, makosa yake ni machache kuliko ya hiyo. Na ule ufupisho wa Boussinesq, unaochukulia densiti ya hewa kuwa ileile isipokuwa pale inapopanda, uutumie bati likiwa la vuguvugu tu. Bati la nyuzi 75 kwenye hewa ya nyuzi 28 linafanya densiti ipungue kwa zaidi ya asilimia 13, na ufupisho umekwisha muda wake. Tumia hewa kama gesi kamili.

Upepo wa ziwa na majabali

Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, hewa inavutwa kutoka ziwani, usiku inageuka. Kwenye mwambao huu wa kusini upepo wa mchana huja kwa jumla kutoka upande wa kaskazini, lakini ghuba na visiwa vinaupinda, na kilicho kweli Kayenze kinaweza kisiwe kweli Kirumba. Funga utepe wa nailoni kwenye mti pale kikaushio kitakaposimama, uutazame saa 4 asubuhi, saa 7 na saa 10 kwa siku chache. Hiyo ni data bora kuliko ya uwanja wa ndege.

Kisha kuna mawe. Jiji hili limejengwa kati ya majabali, na watu wanapenda kuweka vikaushio nyuma ya jabali ili upepo usiving'oe. Nyuma ya jabali hewa haitulii. Inajiviringisha na kurudi kinyumenyume, kwa umbali wa mara kadhaa ya kimo cha jabali lenyewe. Kikaushio kilichokaa humo kinaweza kuvuta mdomoni hewa nyevu iliyotoka kwenye dohani yake. Kwa hiyo jabali la mita 6 lililo mita 10 kutoka kwenye kikaushio lazima liwemo kwenye mchoro. Si lazima lifanane. Boksi lenye kona zilizopunguzwa linatosha.

Nafasi ya nje inapaswa kuwa kubwa: mara 5 ya kimo cha kitu kirefu zaidi mbele, pembeni na juu, na mara 15 nyuma. Ukiweka vyote hivyo pamoja na seli za milimita 1 juu ya bati, kompyuta itapiga magoti. Njia inayofaa ni kugawa kazi mara mbili. Kwanza iga nje tu, kikaushio kikiwa boksi lililozibwa, seli kubwa, na usome presha mbili: mdomoni na kileleni mwa dohani. Pili iga ndani tu, ukiweka presha hizo mbili kama mipaka. Kazi ya kwanza inaisha kwa saa moja au mbili, na unairudia kwa kila mwelekeo wa upepo.

Kinachoonekana karibu kila mara ni hiki: mdomo ukitazama ziwa, upepo wa mchana unasaidia, wakati mwingine kupita kiasi, hewa inapita mbio haijapata joto. Mdomo ukiupa upepo mgongo, hewa inaweza kuingia kwa dohani na kutokea chini, ikipuliza mvuke kwenye bati. Kofia juu ya dohani inapunguza hatari hiyo, mradi iinuliwe angalau nusu ya upana wa dohani, isije ikawa kizibo.

Dagaa ni kizuizi, na ni jokofu

Kilo 20 kwenye trei tano za mita 1.2 kwa 1 ni kilo 3.3 kwa mita ya mraba. Dagaa mmoja wa sentimita 5 ana karibu gramu moja, kwa hiyo ni dagaa 3,300 kwa mita, matabaka mawili yaliyolaliana. Hakuna kompyuta ya mezani itakayochora kila dagaa. Trei inawekwa kama tabaka lenye vinyweleo, lenye namba mbili za ukinzani: moja inayokua na kasi, nyingine na mraba wa kasi. Namba hizo usizitoe kichwani. Panga trei zote tano zenye dagaa ndani ya boksi lililozibwa vizuri, sukuma hewa kwa feni kubwa kwa kasi tatu tofauti, pima tofauti ya presha kati ya juu na chini, gawanya kwa tano. Mpira wa maji uliolazwa kwa mwinamo wa 1 kwa 10 utakupa milimita moja kwa kila paskali, na hapo unasomeka.

Fanya hivyo na dagaa wabichi, kisha na waliokauka. Wabichi wanashikana kama kapeti. Wakikauka wanajikunja na kuacha nafasi. Ukinzani wa saa 3 asubuhi si wa saa 9 alasiri.

Kuhusu baridi, makadirio ni rahisi. Kilo 14.3 kwa saa nane ni nusu gramu kwa sekunde. Asubuhi ukaukaji wa mwanzo unaweza kufika maradufu, gramu 1 kwa sekunde, na hiyo inakula kilowati 2.4 za joto. Mita zetu 6 za bati saa hiyo hazitoi hata kilowati 2. Kwa hiyo kabati lenye dagaa wabichi halipati moto, linapoa. Kabati tupu kwenye skrini litaonyesha zaidi ya nyuzi 60, na mwenye mradi atafurahi. Kabati halisi saa 4 asubuhi litakuwa na nyuzi 35 hadi 40. Weka kwenye kila trei mvuke unaozaliwa na joto linalomezwa, kwa kiwango kinachopungua kadiri dagaa wanavyokauka. Kanuni ya Page ya mwaka 1949 inakutosha kwa mkunjo huo, ilimradi namba zake umezipata kwa kupima trei yako mwenyewe kwenye mizani kila nusu saa.

Upande wa pili upo pia. Dagaa wakiwa bado na maji na hewa ikapita nyuzi 50 na zaidi, nyama inaiva na ngozi inafunga maji ndani. Nje wamekauka, ndani wabichi, na baada ya siku tatu gunia linanuka. Trei ya chini, inayopokea hewa ya kwanza, ndiyo iliyo hatarini alasiri.

Sentimita mbili

Kama kuna jambo moja ambalo uigaji unalipa gharama yake yote, ni mwanya kati ya trei na ukuta wa kabati. Fundi anaacha sentimita 2 kila upande ili trei ichomoke kirahisi. Ni busara ya fundi. Kuzunguka trei ya mita 1.2 kwa 1, mwanya huo una eneo la mita ya mraba 0.088, asilimia 7 tu ya trei. Inaonekana si kitu. Lakini hewa haipigi kura kwa eneo. Inafuata penye wepesi. Tofauti ya presha ya paskali 0.3 tu kati ya chini na juu ya trei inatosha kupitisha kama mita za ujazo 0.056 kwa sekunde kwenye mwanya huo. Zaidi ya nusu ya hewa yako yote inapanda pembeni, moto na kavu, bila kumgusa dagaa.

Kwenye skrini utaiona kama mapazia manne ya rangi nyekundu yanayopanda kutani, na katikati doa la bluu. Ukiwa umeweka seli za sentimita 2 hapo, hutaona chochote. Ndiyo maana pembeni mwa trei nataka seli nne au tano ndani ya mwanya. Dawa yake ni utepe wa sponji, au kipande cha turubai kinachoning'inia kwenye fremu ya trei na kulalia ukuta. Njia nyingine ni kukubali kwamba hewa haitaki kupita katikati ya dagaa, ukaziba pande zote na kuacha nafasi moja ya sentimita 5, trei hii mbele, inayofuata nyuma, ili hewa ipande kwa zigizaga ikilamba uso wa kila trei. Kwa dagaa waliolaliana matabaka mawili mimi naipenda hii, ingawa itabidi kuwageuza mara moja mchana.

Chandarua cha mdomoni nacho kina hila ileile. Kikiwa kimebanwa kwenye njia ya mita 1 kwa sekunde, kinakula kati ya nusu paskali na paskali moja, yaani mvuto wote wa dohani. Na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi kipindi cha mwezi mchanga wakikifunika, hesabu imekwisha. Kishone kama mfuko, eneo lake liwe mara tatu ya mdomo. Kasi inashuka mara tatu, upotevu unashuka karibu mara tisa. Kipigwe brashi kila asubuhi.

Hesabu inapogoma

Hewa inayopanda kwa joto haipendi kutulia, na programu inayotafuta jibu moja tulivu itazungukazunguka. Masalio, yaani kosa linalobaki baada ya kila mzunguko wa hesabu, yatashuka hadi sehemu moja ya elfu kisha yatayumba bila kushuka tena. Si lazima uwe umekosea. Tazama mambo mawili: hewa inayoingia na inayotoka zisitofautiane zaidi ya asilimia 1, na joto linaloingia lilingane na linalotoka pamoja na lililomezwa na mvuke, ndani ya asilimia 5. Yakikubali, chukua wastani wa mizunguko 1,000 ya mwisho. Yakikataa, tafuta kwanza seli zilizopinda vibaya kwenye kona za dohani, halafu hakikisha mpaka wa kilele unaruhusu hewa kurudi ndani, na inaporudi iwe na nyuzi 28, si 48.

Usijaribu kuiga siku nzima sekunde kwa sekunde; itachukua wiki. Piga picha tatu tulivu: saa 4 dagaa wakiwa wabichi, saa 7 jua likiwa juu, saa 10 wakikaribia kukauka. Katikati unganisha kwa jedwali la kawaida la hesabu.

Na ukishajenga, pima. Vihisio vitatu kwa kila trei, mbele, katikati, nyuma, kila kimoja kimekingwa na karatasi ya foili, kwa sababu kihisio kilichopigwa jua kinasoma joto lake chenyewe. Kipima upepo cha panga hakizunguki vizuri chini ya nusu mita kwa sekunde, kwa hiyo washa kijiti cha udi mlangoni, uone moshi unakoelekea. Mizani ndiyo hakimu wa mwisho. Trei zikitofautiana kwa uzito kinyume na kompyuta ilivyosema, mwenye kosa ni kompyuta, na mara nyingi kosa liko kwenye ukinzani wa dagaa au kwenye upepo.

Kuhusu feni: feni ya volti 12 ya milimita 120 inapitisha kama mita za ujazo 0.04 kwa sekunde ikiwa haina mzigo, na inaweza kusukuma paskali 20 au zaidi ikizibwa. Tatu, zikiwa kwenye paneli ndogo bila betri, zinatosha kikaushio chetu, na zina tabia nzuri ya kukimbia jua likiwa kali na kupumzika likifichwa. Zikae mdomoni, zikisukuma hewa kavu. Juu, kwenye mvuke wa dagaa, beringi zake hazidumu.

Picha ya nne inayofaa kupigwa ni ya saa 4 usiku, ambayo mtu haifikirii. Anga linahesabika kuwa baridi kuliko hewa, bati na nailoni vinapoa kuzidi mazingira, hewa iliyo juu ya bati inakuwa nzito na kuteremka. Kikaushio kinageuka: kinavuta hewa nyevu ya usiku kwa dohani, kinaipitisha kwenye dagaa waliokauka, na kuitoa mdomoni. Umande unajijenga chini ya nailoni na kudondokea trei ya juu. Weka kibao chenye bawaba mdomoni na kingine juu ya dohani, vyote vifungwe saa 12 jioni, kabla bati halijapoa.